Herufi Zisizokaliwa

Katika msongamano wa majora na mikokoteni sokoni Zhongda, soko la vitambaa la Guangzhou, China, Fathiya alimgonga kijana mrefu, karatasi zake zikatawanyika. Akainama kumwokotea, mtandio wake wa rangi ya samli ukiburuzika chini.

"Kaka, Kiarabu gani hiki kimelewa hivi?"

Kijana akacheka. "Kitibeti, bibie. Dua ya Wabudha ya kuomba huruma. Mimi Yasir, wa Tanga."

"Umebadili dini?"

"Nimebadili herufi tu. Swala ziko palepale."

Yasir alikuja Guangzhou kusomea usanifu wa vitambaa. Siku moja alimwona Mwalimu Dolma, mama wa Kitibeti, akiandika kwa kalamu ya mwanzi, kama ile aliyoishika yeye utotoni, chuo cha Kurani. Mwaka wa tatu huu, hajabanduka kwake.

Wakapeana namba; miezi miwili simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakusubiri unilishe."

Yasir akamzawadia ile dua, herufi sita za wino mweusi. Fathiya ni muuza khanga, akaona amshangaze. Akaipeleka kiwandani Kangle, ikachapwa kwenye khanga ya sampuli, pale chini linapokaa jina, na mzigo wote wa Idi akauagiza uchapwe vivyo hivyo. Akajifunga kiunoni, akampigia simu ya video.

Yasir akaisogelea simu. "Fathiya, ukikaa, unakalia nini?"

"Khanga."

"Unakalia dua za watu. Mwalimu akijua, hanishikishi tena kalamu."

"Na mimi nilidhani utafurahi." Akakata.

Siku tatu hakuna aliyepiga. Ya nne, Fathiya alijiuliza kama angejifunga kiunoni khanga yenye Bismillahi. Uso ukamwaka. Akaenda kiwandani. Bosi, laoban wenyewe humwita, akasema haiwezekani, mashine imeshaanza. Fathiya akasimama mbele yake, hakuondoka mpaka ikazimwa. Mzigo wa Idi ukampita hivyo.

Akaikunja sampuli, akaibeba kifuani hadi kwa Mwalimu Dolma.

"Kosa langu, Mwalimu, si la Yasir," alisema kwa Kichina chake cha sokoni.

Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaigusisha utosini, akaitundika juu ukutani. "Umechagua rangi nzuri," akasema.

Yasir, aliyekuwa pale mezani akiandika, akaacha kalamu, akamfuata Fathiya ngazini.

"Ulikuja kunitetea?"

"Nilikuja kutubu. Usijivune."

"Nisamehe nilivyokununia, mpenzi. Nataka nikuoe."

"Mimi siposwi ngazini." Fathiya akabonyeza namba, akamkabidhi simu. "Baba huyo, Unguja. Kohoa kwanza, sauti imekukauka."

Simu ikapokelewa.

"Shikamoo, mzee," Yasir alisema, akishikilia ukuta.