Mkono wa Kaza

Mabenchi ya kliniki yalikuwa yamejaa mpaka wengine wamesimama ukutani, na katikati ya akina mama wenye matumbo makubwa alikaa mwanamume mmoja akifuma sweta. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ikakubali, miguu kaipishanisha, uzi wa bluu umetulia mapajani. Akina mama walisukumana viwiko. Yeye hakujali. Alikuwa amemleta mama yake kupimwa presha, na foleni haikuwa na haraka na mtu.

Mkabala naye alikaa msusi mmoja, akimsubiri dada yake aliyeingia kwa mkunga. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko, na nywele zake mwenyewe alikuwa amezifunga kitambaa tu, kama kawaida ya wasusi. Kazi yake ilikuwa ya vidole, kwa hiyo aliangalia vidole. Aliangalia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Samahani kaka. Huo mkono wa kushoto unafanya nini hasa?"

"Unashika tu," akajibu yule mwanamume bila kuinua macho. "Kazi yote ni ya wa kulia."

"Kama nyumbani kwangu," akasema mama mmoja, na benchi zima likacheka.

Mwanamume naye akacheka, akainua macho, akamwona aliyeuliza. Hapo hapo akakosea kitanzi.

"Umeona? Umeniharibia."

"Mimi nimeuliza tu. Mtu asiyejua kabisa anaweza kujifunza?"

"Njoo ujaribu. Mimi ni fundi wa sweta, jengo la maduka nyuma ya stendi, ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kabla ya choo. Ukisikia harufu, umepitiliza."

Msusi alikuwa na sababu. Tangu mama yao afariki, Dada ndiye aliyemlea, na alimlea kwa kurudia. Mdogo akideki, Dada anadeki tena juu yake. Akiosha vyombo, Dada anavipitisha maji upya. Akikunja nguo, akirudi anazikuta na mkunjo mwingine. Hakuwahi kugombezwa; bora angegombezwa. Sasa Dada, baada ya kungoja hadi majirani wakachoka kumuuliza, alikuwa mjamzito. Msusi alitaka kitu kimoja tu: mtoto yule alale kwenye blanketi alilolianza yeye na kulimaliza yeye. Alipomwambia Dada, Dada alimshika shavu kwa upendo.

"Utaanza, mdogo wangu. Kumaliza nitakutafutia mtu."

Basi akaenda ghorofa ya pili. Chumba cha Fundi kilikuwa chembamba, kimejaa masweta ya shule yaliyoning'inia mpaka ukiingia unayapisha kwa bega. Fundi alimpa sindano mbili na uzi wa rangi ya maziwa. Akamwonyesha: ingiza ncha, zungusha uzi, toa, angusha. Msusi akajiona anaweza. Akauzungusha uzi kidoleni kama anavyoshika nywele, akavuta.

"Taratibu," akasema Fundi.

Akavuta tena. Baada ya muda sindano ilikataa kabisa kuingia kwenye vitanzi. Vilikuwa vimekaza kama msuko wa jana.

"Dada yangu, hiki si kichwa cha mtu. Hakina pa kukimbilia."

"Nimezoea. Nikilegeza, mteja anarudi kudai."

"Basi jina lako Kaza."

Na Kaza akawa Kaza. Kila akifunga saluni alipanda zile ngazi, na kila akishuka simu ilikuwa inaita kabla hajafika barabarani.

"Kaza, umefika?"

"Niko kwenye ngazi zako, wewe."

"Nimekukumbuka."

"Umenikumbuka au umekumbuka uzi wako?"

"Uzi upo hapa. Wewe ndiye hupo."

Wenzake wa saluni walianza kumtania kuwa siku hizi anajipaka mafuta ya mdomo kwenda kushona, na yeye anawarekebisha: si kushona, ni kufuma. Fundi naye alinunua kiti cha pili, chenye mto. Hakuna aliyesema neno "mpenzi" mpaka siku moja likamtoka Fundi kwenye simu, katikati ya habari za mvua.

"Umesemaje?"

"Nimesema mvua."

"Hapana. Kabla ya mvua."

Akarudia. Kaza alikata simu, akacheka peke yake, kisha akapiga yeye.

Blanketi lenyewe alikuwa analiacha kwa Fundi. Saluni kuna mafuta na nywele za watu, na Dada alipenda kupita hapo kukaa. Sasa jioni moja, Kaza alipoondoka, Fundi alilikunjua akaona shimo. Mwanafunzi wake alikuwa ameangusha kitanzi bila kujua, na juu yake amefuma mistari kadhaa. Fundi alimfikiria atakavyolikuta kesho, uso utakavyomshuka. Akachukua sindano, akafumua mpaka kwenye kosa, akafuma upya. Ilikuwa kazi ndogo. Akajaribu kukaza kama Kaza, lakini mkono una mazoea yake.

Kesho yake Kaza alilitazama blanketi, akatabasamu. "Naona nimeanza kushika."

Hapo ndipo Fundi alipaswa kusema. Badala yake akasema, "Umeshika kweli."

Baada ya hapo haikuwa mara moja. Kila alipoondoka, Fundi alilikagua, na kila lilipokuwa na kasoro aliirudia kwa mkono wake mwepesi. Alifanya hivyo kwa mapenzi, ndiyo maana hakuona ubaya. Blanketi likarefuka, laini, safi. Kaza akawa anatembea kichwa juu.

Siku alipolimaliza alilipeleka kwa Dada limefungwa kwenye kitambaa. Dada alikuwa kwenye kochi, miguu imevimba juu ya kigoda. Alilikunjua, akalipapasa. Uso ulikuwa unatabasamu, kisha ukaacha.

"Nani amefuma hili?"

"Mimi, Dada."

"Mkono wako naujua kwa kichwa changu. Ukinisuka, nyusi zinapanda, usingizi sipati. Hebu shika hapa." Akamwekea vidole. "Hapa pagumu. Huyu ni wewe. Sasa shika hapa."

Kaza akashika. Palikuwa laini kama shavu.

"Ulimpa nani akumalizie?"

"Sikumpa mtu, Dada. Naapa."

"Usiape na tumbo langu hapa." Dada hakupandisha sauti. "Ungeniambia umeshindwa. Nimekulea, ukishindwa nitakubeba. Ukinidanganya ndio sijui nikubebe vipi. Lichukue."

Kaza alipanda zile ngazi mbio. Fundi alimwona mlangoni, akainuka na tabasamu.

"Kalipenda?"

"Shika hapa."

"Kaza..."

"Shika hapa, Fundi."

Akashika. Vidole viliutambua mkono wake mwenyewe kabla ya mdomo kukiri.

"Mara ya kwanza lilikuwa shimo moja tu," akasema. "Niliogopa ukiliona utakata tamaa."

"Nimekata tamaa lini mbele yako?"

Fundi akaliachia blanketi.

"Nilikuwa nakupenda."

"Mimi ulinipenda. Kazi yangu ukaionea aibu." Akaikaza na sauti. "Nyumbani nimefagia maisha yangu yote, sijui kama najua kufagia. Nikaja hapa nikasema, walau huyu ataniacha nikosee. Leo Dada ananiita mwongo, na mimi nilisema kweli. Unajua inavyouma?"

Akatafuta ncha ya uzi, akaifungua, akavuta. Penye mkono wa Fundi uzi ulitoka kimya. Penye mkono wake uling'ang'ania, ukabidi uvutwe kwa nguvu, ukakwaruza. Wote wawili walisikia. Penye kukwaruza palikuwa pachache kuliko hata yeye alivyoogopa. Alivuta mpaka blanketi lote likawa rundo sakafuni, akalizoa, akaondoka nalo.

Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga saluni. Akapokea yule msusi mwenzake waliyemwita Redio, maana habari hazikulala kwake.

"Amesema nikwambie ametoka."

"Ameenda wapi?"

"Hajaniambia. Ngoja nimuulize, amekaa hapa."

Simu ikakatwa, na si na Redio.

Siku zilikwenda vibaya. Dada alianza kumjibu mdogo wake kwa adabu, "asante," "samahani," kama wapangaji wanaogawana choo, na adabu ile ilikuwa baridi kuliko ugomvi. Mkunga alisema mtoto amegeuka, wakati wowote anakuja. Kaza alilifuma blanketi upya nyumbani peke yake, alifuma saluni wateja wakiwa kwenye mashine ya kukausha, mafuta na nywele na iwe iwavyo. Likatoka gumu, pembeni limepinda. Lakini lilikwenda. Mpaka kitanzi kimoja kilipomponyoka, kikashuka chini mstari baada ya mstari, kikaacha nyuzi zimelala kama ngazi. Akijaribu kukikamata, kinashuka zaidi. Kufumua lote tena hakukuwa na muda. Alikaa akilitazama mpaka macho yakamuuma. Kisha akavaa viatu.

"Sikuja kupatana," alisema mlangoni. "Nimekuja kuuliza."

Fundi alikuwa amekonda. Shati halikuwa na pasi. "Uliza."

"Kitanzi kikishuka kinapandishwaje?"

Fundi akaliona lile jambo, dogo, la kupepesa jicho. Mikono ikanyooka yenyewe.

"Mikono," akasema Kaza.

Akaivuta. Hakujua aiweke wapi. Mwishowe akaikalia, viganja chini ya mapaja, akaanza kufundisha kwa mdomo. Tafuta kile kilichobaki peke yake. Chomeka ncha. Sasa uzi wa kwanza wa ngazi, upitishe ndani yake. Hapana. Ndani, si juu. Kikamponyoka. Wakaanza tena, kikaponyoka tena. Jasho lilimtoka Fundi kwenye paji la uso, na hakuwa na mkono wa kulifuta.

Mteja mmoja alichungulia. "Fundi, umefungwa?"

"Karibu na hivyo, mama. Pita kesho."

Kaza hakuinua kichwa. Ngazi moja ikapanda. Ya pili. Alipopandisha ya mwisho na kukirudisha kitanzi kwenye sindano, alipumua kama aliyetoka majini. Akaendelea kufuma pale pale, kwenye kiti chenye mto, na siku iliyofuata akarudi, na iliyofuata. Blanketi hakuliacha tena hapo. Lilikuja na kuondoka naye. Jioni moja Fundi akaona kosa linazaliwa: uzi umezungushwa mara mbili, shimo la ukubwa wa harage linafunguka. Alifungua mdomo. Akaufunga, akaikalia mikono tena. Mstari ukapita juu yake, na mwingine, na kila mstari ulimchoma. Hakuulizwa, hakusema.

Kaza alipofunga kitanzi cha mwisho alilitandaza mezani, akaliona lile shimo. Alimtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama dari.

"Jumapili utakwenda kwa Dada," akasema Kaza. "Utamwambia ulichofanya. Bila kupamba."

"Nitakwenda."

Jumapili alikwenda, shati limepigwa pasi. Dada alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkaribisha kiti. Fundi alisimama katikati ya sebule akisema kila kitu: shimo la kwanza, la pili, uongo wa "umeshika kweli". Kaza alisimama dirishani, akijua kwamba kama Dada hataamini leo, hataamini tena.

"Kwa hiyo mdogo wangu hakujua."

"Hakujua, Dada."

Dada akanyoosha mkono. Kaza akampa blanketi. Lilikuwa gumu kama mkeka, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Dada alilipapasa lote, polepole, kama anayetafuta mtu gizani. Akafika kwenye shimo, akapitisha kidole.

"Hili lilipotokea ulikuwepo?" akamuuliza Fundi.

"Nilikuwepo."

"Uliliona?"

"Nililiona."

"Ukafanyaje?"

"Nilikalia mikono."

Dada alimtazama. Kisha kicheko kikamtoka kutoka chini kabisa, akashika tumbo kwa mikono miwili, machozi yakamtoka nayo. Alipotulia alilivuta blanketi mpaka kifuani. Pembe moja ilikuwa imejikunja. Kidole chake kiliiendea ili kuinyoosha, kikasimama njiani, kikarudi.

"Nimekukosea, mdogo wangu," akasema. Halafu kwa yule aliyesimama: "Shemeji, kaa basi. Utasimama mpaka nijifungue?"

"Shemeji wa nani?" Kaza akageuka kutoka dirishani. "Mimi sijaulizwa kitu."

Fundi alikuwa ameshainama nusu kukaa. Akainuka tena. "Nikuulize hapa, mbele ya Dada?"

"Uliza. Ila usinijibie."

Akauliza. Kisha akanyamaza, akasubiri.