Fomu ya Mama Mkwe

"Kama ni ugonjwa, nabaki. Kama ni dharau, nafungasha virago."

Fundi cherehani alimwambia daktari hivyo, mumewe kakaa kando yake. Mume ni seremala, mtaani wanamwita Upepo. Wiki mbili nyuma alisahau kwenda kumchukua mkewe baada ya upasuaji. Mke kakaa kwenye benchi la hospitali saa nne nzima, nyuzi mbichi tumboni, bwana yuko karakana anapiga randa kabati la watu.

"Huu ugonjwa wa kutotulia upo kweli, daktari, au mmeubuni?" mke akauliza.

"Hata sisi wenyewe tunabishana. Hakuna kipimo cha damu. Tunauliza mtu alivyoishi. Kama utotoni hakuwa hivi, siwezi kuuandika. Fomu hii aijaze mama yake."

Jioni mama mkwe akaileta mwenyewe nyumbani kwao. Maswali kumi na nane, na yote kajibu: Hapana.

"Mama, hata hili la kutotulia darasani?"

"Mwanangu si kichaa! Siku hizi mtu akisahau tu, anapewa vidonge."

Fundi akavuta sanduku lake. Roho ilimuuma, ila machozi alishayamaliza kwenye lile benchi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwetu. Umesema mwanao mzima. Basi alinisahau akiwa na akili zake timamu."

Mama mkwe akaichukua tena ile fomu. Upepo alisimama mlangoni, anazungusha msumari mkononi.

"Nilikuwa namfunga," mama akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Mguu wake, kwa mtandio, kwenye mguu wa meza, ili amalize hesabu. Miaka miwili. Nikijibu ndiyo hapo, maana yake nilimfunga mtoto mgonjwa."

Upepo akaacha kuzungusha msumari.

"Mimi nilishasahau, mama."

"Hata hilo umesahau!" Fundi alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. Mama mkwe naye akacheka huku analia.

"Nipeni kalamu," akasema.

Fundi akarudisha sanduku uvunguni, bila kulifungua.

"Kesho saa tatu, kwa daktari. Umesikia?" akamwambia mumewe.

"Nimesikia."

Mara ngapi kaambiwa hivyo! Kesho yake fundi akaamka, mumewe keshatoka. Akapitia dukani kwake kwanza, akaenda hospitali peke yake, bila matumaini. Upepo alikuwa kwenye benchi lile lile, nguo za kazi mwilini.

"Umefika saa ngapi?"

"Alfajiri. Ningepitia karakana, ningekusahau tena."



"Haya, sogea nikae."