Ukuta Nyuma ya Kabati

Katika vyumba vile viwili vya kupanga, sauti mbili zilisikika mchana kutwa: cherehani na kikohozi. Cherehani ilikuwa ya mke. Kikohozi kilikuwa cha mama mkwe.

Ukuta wa kitandani kwa mama mkwe ulikuwa na unyevu mwaka mzima. Nguo ukiitundika pale jioni, asubuhi unaikuta mbichi.

"Mimi nataka ukuta mkavu tu," mama mkwe alizoea kusema. "Nikiupata, hata mkinilisha mkate wa jana sisemi kitu."

Watu walicheka, kwa sababu mwanawe alikuwa muoka mikate. Lakini kicheko chake mwenyewe kiliishia kwenye kukohoa.

Mke na mume waliweka akiba miaka minane. Ndipo ikaja habari kwamba mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma anauza nyumba. Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima kabla mwenyewe hajamaliza kuisema. Mke wa mwalimu alikuwa amefariki miezi sita iliyopita. Sasa binti yake alimtaka ahamie kwake.

Mke na mume wakaenda kuiona. Mwalimu aliwapitisha chumba kwa chumba.

"Hapa ndipo alipopenda kukaa," alisema barazani.

"Jiko hili alilipanga mwenyewe," alisema jikoni.

Muoka mikate aliona haya kuinua macho. Nyumba nzima aliitazama kwenye viatu vyake. Chumbani, mke alisikia harufu ya rangi mpya. Akafungua mdomo aulize. Mumewe akamgusa kiwiko, naye akaufunga.

Mwalimu akataja bei. Muoka mikate akampa mkono, basi.

Njiani mke akasema, "Baba watoto, mbona hukuuliza hata swali moja?"

"Nimwambie mfiwa nyumba yake mbovu? Si ni kama kumtukana marehemu?"

Jioni hiyo jirani yao alipita kuchukua gauni lake. Alikuwa mwashi, mwanamke wa kujenga nyumba tangu ujana. Mtaani walimwita Timazi, kama ile kamba ya kupimia ukuta ulionyooka, kwa sababu hata kikombe kikikaa upande alikinyoosha. Alipoelezwa mambo yalivyokuwa, alishika kiuno.

"Shemeji, umenunua nyumba au umetoa rambirambi?"

Muoka mikate akatazama tena viatu vyake.

"Mmelipa?"

"Bado. Tumepeana mikono tu."

"Basi bado mna nafasi. Mkishalipa, kila ufa ni wenu. Rudini, mkamwombe kwa adabu mkague. Nendeni mvua ikishanyesha, maana nyumba haijui kudanganya siku ya mvua. Tazameni dari kama ina madoa kama ya chai. Mbao za paa zichomeni kwa msumari. Ukizama kama kwenye mkate wako, shemeji, mbao zimeoza. Na sogezeni vitu vizito. Ugonjwa wa nyumba hupenda kujificha."

"Tukikuta ubovu?" mke aliuliza.

"Mnaita mafundi wawili. Kila mmoja anaandika peke yake gharama ya kutengeneza. Halafu mnakaa na mwenye nyumba. Ama atengeneze kabla hamjalipa, ama apunguze bei. Mkikubaliana, mnaandika na kutia sahihi mbele ya mashahidi."

"Aibu je?" aliuliza muoka mikate.

"Kuuliza si kutukana. Ukinyamaza leo, utakuja kumsengenya miaka ishirini."

Mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu wakarudi wote watatu. Mwalimu aliwasikiliza, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Tazameni," alisema.

Timazi alipanda darini na msumari wake. Aliposhuka, alikuwa na vumbi la mbao kiganjani. Upande wa nyuma wa paa ulikuwa umeoza. Kisha akaelekea kwenye kabati kubwa la chumbani.

"Hilo la mke wangu," Mwalimu alisema. "Sijalisogeza."

Timazi akarudisha mkono. Mke akasema kwa upole, "Mwalimu, ukitaka tuliache, tutaliacha. Ila chumba hiki atalala mama yetu. Kifua chake kinamsumbua."

"Anakohoa?"

"Mwaka wa tatu huu."

Mwalimu alilisogelea kabati. Kisha akashika kona ya kabati yeye mwenyewe. "Shika upande ule, kijana," alimwambia muoka mikate.

Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa mweusi toka sakafuni hadi kiunoni. Kuvu ilikuwa imeota. Plasta ilidondoka yenyewe. Rangi mpya ilikuwa imeishia pale kabati lilipoanzia.

"Alikuwa akiniambia," Mwalimu alisema. "Paa linavuja huku, mume wangu, nasikia baridi. Mimi namjibu, mvua tu hiyo, itapita. Miaka thelathini nimewafundisha watoto methali ya ufa na ukuta." Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Na yeye alikohoa."

Timazi akautia msumari wake mfukoni.

"Mwalimu, basi tuyaache," muoka mikate alisema. "Tutalipa bei ileile."

"Hapana. Leteni mafundi wenu. Mimi nilinyamaza katika nyumba hii. Nanyi msinyamaze."

Mafundi wawili walikuja, wakaandika. Wa kwanza aliandika paa zima. Timazi akamrudishia karatasi: "Upande mmoja ndio umeoza, ndugu yangu. Huu mwingine unataka kuezekea kwako?" Wakachukua hesabu ya wa pili.

Walipokaa kuzungumza, Mwalimu alikubali kupunguza kwenye bei gharama ya paa na ukuta. Ufa wa barazani aliukataa. "Huo ni wa zamani, na hauongezeki." Timazi akaupima, akakubali. Muoka mikate akaufuta kwenye orodha.

Mapatano yakaandikwa: bei mpya, kilichopunguzwa na sababu yake. Yalisomwa kwa sauti mara mbili. Wakatia sahihi, na mashahidi pia.

"Nina ombi moja," Mwalimu alisema. "Kabati. Kwa binti yangu halina pa kukaa; libaki hapa."

Walitengeneza paa kwanza, wakabandua plasta mbovu, ukuta ukakauka. Ndipo wakahamia. Kikohozi cha mama mkwe hakikuisha, lakini kilipungua. Sasa cherehani ilisikika yenyewe kwa saa nzima.

Mchana mmoja, mvua ikinyesha sana, Mwalimu alikuja kuwatembelea. Akaomba kukiona chumba cha mama mkwe. Kabati lilikuwa mahali pake, ila limeachana na ukuta shibiri moja ili hewa ipite. Akapitisha mkono katika nafasi ile, akaweka kiganja ukutani. Akakiacha pale.

"Pakavu," alisema.

Cherehani ikanyamaza. Mvua iligonga bati, na ndani halikudondoka hata tone.

"Laiti," alisema Mwalimu, asimalize.

Mama mkwe akasogea kitandani, akampisha akae.