Kibao Shingoni mwa Godeliva

Kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na Godeliva tulifagia darasa la sita huku nikimtajia vitu kwa Kiingereza: ufagio, ndoo, dirisha, chaki. Godeliva alikuwa ametoka Bujumbura mwaka huo wa 2004, baba yake alipokuja kufundisha chuo cha kanisa hapa Kitale. Alisoma kwa Kifaransa maisha yake yote. Mwalimu Jepkorir alinichagua mimi, Nasimiyu, nimsaidie, kwa kuwa niliongoza darasa kwa Kiingereza. Ijumaa angepimwa. Akishindwa, angeshushwa hadi darasa la pili, akae na watoto wa miaka saba.

Shuleni kwetu kulikuwa na kibao chenye kamba. Ukisema lugha nyingine badala ya Kiingereza, unavishwa shingoni, nawe unamwinda mwingine umvishe. Anayekutwa nacho jioni huosha vyoo. Godeliva hakuwahi kukivaa, maana alizungumza nami tu, kwa Kiingereza nilichomfundisha, nami sikuwahi kumweleza kibao ni cha nini.

Alhamisi mchana siafu aliniuma karibu na mfereji, nikapiga mayowe kwa Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani. Phelista, mwenzangu wa darasa aliyekuwa nacho, akanivisha kibao papo hapo, akanicheka kwa Kiingereza.

"Leo ni leo, bana! Namba wani ataosha choo!"

Sikukubali aibu hiyo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Godeliva, nikamwonyesha ufagio, nikamwuliza kwao unaitwaje. Uso ukamng'aa kwa kuwa sasa yeye ndiye mwalimu.

"Balai!" akasema kwa Kifaransa.

Nikavua kibao, nikamvisha. Alikishika kwa mikono miwili. Maskini, alidhani ni zawadi.

"Thank you, my friend," aliniambia, kwa maneno niliyomfundisha mwenyewe. Nami nikaondoka mbio.

Jioni kiranja alimpa ndoo na ufagio, akamwelekeza vyooni. Godeliva aligeuka kunitafuta. Nilijificha nyuma ya darasa, na nilijichukia.

Ijumaa Mwalimu Jepkorir aliinua ufagio mbele yake. Godeliva kimya. Akainua ndoo. Kimya tu.

"Basi, mwanangu, Jumatatu utaanza darasa la pili," Mwalimu alisema kwa huzuni.

Nilisimama. "Mwalimu, anajua yote! Ni mimi nilimtega jana aseme Kifaransa ndio nimpe kibao. Hakujua ni adhabu."

"Ati ulifanya nini?"

Nilirudia, nikilia mbele ya darasa zima. Hakuna aliyecheka, hata Phelista.

Jioni hiyo niliosha vyoo mimi. Nilipoinua macho, Godeliva alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwomba msamaha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha nikakosa lugha. Godeliva akaokota ufagio wa pili, akautaja kwa Kiingereza. Akataja ndoo. Akataja maji, mlango, sabuni, hata rafiki.

"Mtihani nimeusikia," sauti ya Mwalimu Jepkorir ilisikika kutoka nje. "Godeliva, Jumatatu ni darasa la sita."

Kisha akatokea mlangoni, akanigeukia. "Nasimiyu, huyu alikuwa na mtu mmoja tu hapa wa kumwamini, na ukamtumia kujiokoa. Aliyedanganywa hufunga mdomo hata kwa yale anayoyajua. Umefanya vizuri kusema ukweli. Siku nyingine useme kabla mwenzako hajabeba ndoo yako."

Godeliva alimwaga maji, nami nikasugua.