Kamba za Viatu vya Barnaby

Kikasha kilikuwa wazi juu ya meza, na ndani hamna pete.

Lionel Ashcombe alikitazama, akakipindua, akakitikisa sikioni. Kimya. Ilikuwa pete ya rubi ya bibi yake, na mchana ule alitakiwa kumvisha mchumba wake, Cecily Marchbank, mbele ya wageni wote.

"Hobday! Pete iko wapi?"

Hobday, mtumishi wake wa mavazi, alikuwa amepiga goti akiweka viatu vya bwana wake karibu na kiti. Vinang'aa, na kamba zimepigwa pasi, zimelala bapa kama utepe wa dukani. Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi, miaka kumi na tano.

"Jana ilikuwepo, bwana. Chai inapoa."

Ndiye Hobday huyo. Nyumba ikiungua atakuuliza utatokea nje na koti gani. Na Lionel bila Hobday alikuwa bure kabisa: tai hajui kufunga, treni hajui inaondoka saa ngapi, kamba za viatu hajazigusa tangu shule.

Kanali Marchbank, baba wa Cecily, hakimu wa upande ule wa mkoa wa Norfolk, alinguruma mpaka vikombe vikalia mezani.

"Wizi! Nyumbani kwangu! Hatoki mtu!"

Wakaanza na dada wa kazi aliyewasha moto wa kuota chumbani kwa Lionel. Alilia, akageuza mfuko wa aproni. Kikadondoka kipande cha keki, basi.

Hobday akakohoa kwa adabu. "Labda, Kanali, vipekuliwe vyumba vyote. Hata vya wageni. Hata viatu vyao."

Wakafika kwa Barnaby Fitch, rafiki wa Lionel tangu wako na kaptula. Alifungua mlango na slipa miguuni, nywele zimesimama. Viatu vyake vya kahawia vilikuwa nje ya mlango. Kila mgeni aliacha vyake mlangoni usiku, vikasafishwe chini na kurudishwa asubuhi. Kanali akaingiza vidole mpaka ncha ya kiatu cha kushoto. Ikatoka pete ya rubi.

Barnaby alimposa Cecily kabla ya Lionel, akakataliwa. Wote walijua.

"Si ungeniambia tu kwamba inakuuma?" Lionel alisema.

"Inaniuma, ndiyo! Lakini nikuibie wewe? Lio, nani alikutoa bwawani umeng'ang'ania bata?"

"Sikujui tena, Barney."

Barnaby akarudi nyuma kama mtu aliyepigwa kofi. Kanali akamvuta mkono. "Teremka. Inspekta anakuja, na leo hii unalala mahabusu."

Waliposhuka, Lionel aliketi chini pale pale kwenye korido. Alitaka kulia ila hakujua aanzeje. Mbele ya pua yake kilibaki kile kiatu. Kiatu kizee, ngozi imepasuka. Barnaby hakuwa na mtumishi, na kwa miaka yote kamba zake zilikuwa na vifundo kama mkia wa punda.

Leo zimelala bapa.

Lionel hakuzoea kupata wazo, kwa hiyo alilishika kwa uangalifu. Akashuka mpaka chumba cha viatu, kwa mzee Potts, msafisha viatu wa nyumba ile.

"Potts, viatu vya Bwana Fitch ulisafisha wewe?"

"Mimi. Nikafuta tope, nikapaka rangi, nikarudisha mlangoni kwake."

"Na kamba ukazipiga pasi?"

Potts alicheka mpaka akashika meza. "Kamba? Pasi? Bwana mdogo, nina viatu vya nyumba nzima hapa! Wazimu huo anao mtu wako peke yake. Jikoni tunamcheka mpaka mbavu zinauma."

Lionel hakucheka. Alipanda ngazi taratibu, kama amebeba kabati mgongoni.

Hobday alikuwa anapiga brashi koti la sherehe.

"Ulichomoa kamba ili mkono uingie vizuri," Lionel alisema. "Halafu ukaziona zilivyo. Ukashindwa kuzirudisha hivyo hivyo."

Brashi ikasimama.

"Zilikuwa aibu, bwana."

"Barnaby angefungwa!"

"Ndiyo."

"Kakukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Dhambi hiyo ni yangu."

"Basi mimi nimekukosea nini?"

Hobday alitundika koti kwanza, akanyoosha bega lake. "Jumanne, bustanini. Mawingu yalikuwa yanakuja, nikawaletea mwavuli. Bibie Cecily anasema, tukioana, yule mtu wako mwenye uso wa jiwe aondoke. Usimwambie usoni, atatuharibia safari ya fungate, mtumie neno ukiwa mbali. Ukasema, 'Sawa, mpenzi.' Na ukacheka."

Lionel alikumbuka. Hata kile kicheko alikikumbuka.

"Nilitaka uonje, bwana. Mtu unayemwamini kuliko wote, akuuze huku anatabasamu."

Nje, gari la inspekta likakwaruza kokoto. Hobday, kwa mazoea tu, akapiga goti na kushika kamba za viatu vya Lionel, ambazo tangu asubuhi hazijafungwa.

"Acha." Lionel alirudisha mguu. Akainama, akapitisha kamba moja juu ya nyingine, zikateleza. Akajaribu tena. Zikateleza. "Teremka. Utamwambia Kanali mwenyewe."

"Ndiyo, bwana."

Hobday alitangulia, mgongo umenyooka. Ukumbini alisema yote kwa sauti ile ile ya kutangaza chakula. Cecily aliwaangalia wote wawili, akauliza, "Kwa hiyo alitusikia?" Inspekta akamchukua Hobday.

Barnaby alivaa kofia yake.

"Barney," Lionel alisema. "Barney, subiri basi."

Akamkimbilia, kamba zinaburuta sakafuni. Barnaby aligeuka mlangoni, akamtazama miguuni.

"Funga kamba zako, Lio," alisema. "Utaanguka."

Akatoka.