Pa Kuweka Mgongo

Asubuhi ya kuchimba msingi ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mafundi walifika na sururu begani, wakavua mashati, wakaulizia chai kabla ya kuulizia kazi. Mwenye kiwanja alikuwa mpimaji ardhi, na mtaa mzima ulimwita Bwana Futi kwa sababu hakutoka nje bila futi kamba mfukoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu amzike mkewe yalikuwa yamepungua zaidi.

Alikuwa na haraka. Mama mkwe wake alimchukua binti yake mdogo siku zilezile za msiba, mtoto akiwa bado hajaanza shule.

"Siwezi kumwacha kwenye chumba cha kupanga, na wewe kutwa uko porini na vigingi vyako," alisema yule mama. "Jenga, baba. Siku ukiwa na nyumba yenye chumba cha mtoto, njoo umchukue. Sitasema neno."

Kwa hiyo kila tofali lililoshushwa kiwanjani, Bwana Futi aliona binti yake amesogea karibu.

Kikwazo kilikuwa ukuta. Upande wa jirani, hatua moja kubwa ndani ya kiwanja cha Bwana Futi, palikuwa na kipande cha ukuta wa zamani, mabaki ya banda ambalo hakuna aliyekumbuka lilikuwa la nini. Nyuma ya ukuta huo ndipo alipokuwa akiketi bibi kizee, mama wa fundi cherehani wa nyumba ya pili. Jua likishapanda, alijikokota hadi hapo, akanyoosha miguu, akaegemea ukuta uliokwisha kupata joto, akafumba macho. Mgongo ulikuwa umemtesa miaka mingi, na hakuna dawa iliyomsaidia kama ukuta ule.

Fundi cherehani alitoka nje na futi kamba yake shingoni.

"Bwana Futi! Ukuta huo hauguswi."

"Uko kwangu, jirani. Jiwe la mpaka hilo hapo nyuma yako."

"Jiwe linajua nini? Mimi pia napima, ndugu yangu. Napima viuno, na kiuno huongezeka mtu akila vizuri. Naona na mpaka wako siku hizi unakula vizuri."

Mafundi walicheka hadi mmoja akaiweka chini sururu yake. Bwana Futi hakucheka.

Wakapelekana ofisi ya mtaa. Ramani ilitandazwa mezani, na haikuwa na mengi ya kusema isipokuwa kwamba mpimaji alikuwa na haki. Fundi cherehani alitoka akibamiza mlango. Kesho yake uzi wa mafundi ulikutwa umekatwa vipande vipande, na msingi umejaa maji machafu ya kufulia. Uzi ukafungwa upya. Maji yakachotwa. Kazi ikaendelea.

Siku ya kubomoa, bibi hakuinuka. Bwana Futi alizunguka ukuta, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Naomba usogee kidogo. Nitakuletea kiti kizuri, chenye mto."

"Kiti nikifanyie nini? Kiti hakina joto." Alimtazama bila hasira. "Anayegombea kiwanja ni mwanangu. Mimi nataka pa kuweka mgongo tu."

"Ni mpaka, Bibi."

"Haya, bomoa. Lakini mimi hapa nimeshapazoea."

Mwanawe alimwinua kwa makwapa, akamwingiza ndani. Ukuta ulianguka kirahisi, kama uliokuwa ukisubiri kuambiwa.

Bibi alifariki kabla nyumba haijaezekwa. Waliomwosha walinong'ona kwamba mgongo ulikataa kunyooka. Walimlaza, wakamkandamiza mabega kwa upole, lakini alibaki vilevile, kama mtu aliyeketi.

Fundi cherehani hakumlaumu mtu. Aliacha tu kumsalimu Bwana Futi.

Nyumba ikaisha. Chumba cha mtoto kilikuwa upande ule wa jirani, ukuta wake mpya umesimama sawasawa kwenye mpaka, na sakafu ikafunika kila kitu kilichokuwa hapo zamani. Mama mkwe alimleta mtoto mwenyewe. Alifungua mabomba, akagonga milango, akapitisha kidole juu ya dirisha.

"Nimetafuta pa kukosoa, nimepakosa," alisema, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kwa siku chache za mwanzo nyumba ilikuwa na kelele, na Bwana Futi alijikuta akipiga mluzi akinyoa ndevu.

Kisha ikaja Jumapili moja, saa za mchana. Alikuwa jikoni akiosha vyombo, akimsikia binti yake anaimba chumbani. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Akaenda kutazama.

Mtoto alikuwa ameketi sakafuni, katikati ya chumba. Miguu ameinyoosha. Mwili umelalia nyuma, mikono mapajani. Alikuwa amesinzia.

Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Bwana Futi alipitisha mkono nyuma ya mgongo wa mtoto, akitafuta mto, kamba, chochote. Mkono ulipita. Hewa ya hapo ilikuwa na joto.

"Unafanya nini, mama?"

"Naegemea." Mtoto alifungua jicho moja. "Usiseme kwa sauti, Baba. Bibi amelala."

"Bibi yupo kwake, mwanangu."

"Siyo huyo," alinong'ona. "Huyu wa mgongo."

Alijiambia ni michezo ya watoto. Lakini jioni ile mtoto alisukuma mpira kuelekea ukutani. Ulifika katikati ya chumba, ukagonga, ukarudi. Akausukuma tena. Ukarudi tena. Bwana Futi alitoa futi kamba mfukoni, akaivuta kutoka ukuta wa nje hadi pale mpira ulipogeukia.

Hatua moja kubwa.

Aligeuka. Akajishusha taratibu, mgongo wake ukielekea pale. Alitarajia kuanguka chali.

Hakuanguka.

Kitu kilimpokea. Kikavu, cha kukwaruza, chenye joto la jua la asubuhi. Tangu mazishi ya mkewe hakuwa ameegemea kitu wala mtu, na kwa muda mfupi, ambao baadaye aliuonea aibu, alifumba macho akapumzika.

Kisha, upande wa pili, mtu akajisogeza. Polepole. Kama anayetafutia nafuu mgongo unaouma.

Bwana Futi alifumbua macho.

"Umemwamsha," alinong'ona mtoto. "Ananiita, Baba. Anasema nihamie upande wake. Anasema upande wake ndiko kuna jua."

Hakusubiri kukucha. Alimbeba mtoto vilevile, bila viatu, akampeleka kwa mama mkwe. Yule mama alimtazama usoni, akafungua mlango, akatimiza ahadi yake ya kutosema neno.

Asubuhi alimfuata fundi cherehani dukani kwake.

"Jirani, chukua lile eneo. Nitabomoa chumba. Nitajenga ule ukuta wa zamani palepale ulipokuwa."

Mashine iliendelea kudunda. "Leo ndiyo unanipa?"

"Nakupa. Kwa maandishi."

"Mpaka ni wako, Bwana Futi. Uliupima mwenyewe, na mama ukampimia humohumo." Hapo aliondoa mguu kwenye mashine. Sauti ikashuka. "Unadhani hakuanzia kwangu? Watoto wangu walikuwa wanasinzia wameketi uani. Tangu umalize nyumba, wanalala kitandani. Mwache huko huko alipo. Nakuomba."

Fundi yule hakuwahi kumwomba mtu kitu. Bwana Futi alirudi nyumbani, akaita mafundi. Wakabomoa chumba kizima, wakang'oa sakafu, wakaacha uwanja mtupu hadi kwenye mpaka. Ukuta wa zamani hakuujenga. Aliogopa nani angeuegemea. Badala yake sebule akaigawa, akaweka kitanda kidogo na pazia, akampigia simu mama mkwe. Wakakubaliana angemfuata mtoto Jumamosi.

Ijumaa mvua ikanyesha. Ya kwanza tangu wabomoe. Alisimama mlango wa nyuma akiitazama ikigeuza uwanja kuwa tope.

Mahali pamoja hapakugeuka.

Palikuwa pakavu, pana kiasi cha mtu aliyeketi, hatua ile ile kutoka mpakani. Mvua ilipafikia, ikapakwepa. Kandokando maji yalitiririka.

Pembeni yake, pamebanana napo, palikuwa na mahali pengine pakavu. Padogo.

Alipiga simu. Vidole vilikosea namba. Akapiga tena.

"Yupo, baba, yupo," alisema mama mkwe. "Amelala mapajani kwangu. Hana homa. Ila mgongo wake tu ndio una joto, kama katoka juani sasa hivi."

Mvua haikukatika hadi jioni. Ilipokatika, alitoka na viatu vya mpira, akachuchumaa kando ya pale padogo. Vumbi lilikuwa jepesi, kama la kiangazi. Ndani yake kulikuwa na mifereji miwili myembamba, sambamba, ya aina inayoachwa na visigino vya mtoto anaponyoosha miguu ili akae vizuri.

Ilikuwa inaendelea kurefuka.