Mwogeleaji wa Kyebando

Kila asubuhi ya likizo ile ndefu Nabintu aliamka mapema, akakunja godoro lake, akafagia mbele ya mlango, kisha akamsaidia baba yake, Kakule, kutoa cherehani barazani. Kazi hizo zikiisha, alichukua jerikani ya manjano na kuwasubiri wenzake. Januari ilikuwa imeingia na jua lake. Mabomba ya mtaa wao wa Kyebando yalitoa hewa tu, na maji yalipatikana kwenye chemchemi ya bondeni.

Wenzake walikuwa watatu, wote wa nyumba ile ile ya kupanga. Okwir, mtoto wa polisi kutoka Lira, alisukuma baiskeli ya baba yake. Amito, mdogo wake wa miaka minane, alimfuata Nabintu kama kivuli. Wa tatu alikuwa Muhamadi, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Waliongea Kiswahili kwa sababu kila mmoja alikuwa nacho: Nabintu alikuja nacho kutoka Bukavu, Okwir alikipata kambini kwa polisi, na Muhamadi alikiokota sokoni.

Njia ya chemchemi ilipita kando ya shimo kubwa. Wafyatua matofali walichimba udongo hapo hadi ukaisha, wakahama, na mvua za Novemba zikalijaza. Maji yake yalikuwa ya kahawia, yametulia. Ukingo ulikuwa wa mfinyanzi, unateleza kama sabuni.

Mwanzoni mwa likizo, Muhamadi alikuwa amemwandama Nabintu mahali hapo hapo.

"Wewe Mkongo, Luganda hujui, baiskeli hujui, kuruka kamba unajikwaa. Huko kwenu mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunaogelea," Nabintu alijibu bila kufikiri. "Mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Kivu. Ninyi mnaogelea ndani ya beseni!"

Okwir alicheka hadi akaangusha baiskeli. Kwa mara ya kwanza, kicheko kilikuwa upande wa Nabintu, naye akakiona kitamu. Ukweli ni kwamba ziwani alikuwa hajawahi kuingia kupita magoti, tena bibi yake akiwa amemshika gauni. Lakini uongo ni kama mgeni: ukishamkaribisha, huna budi kumlisha. Wiki iliyofuata alisema alivuka hadi kisiwani. Baadaye akaongeza kwamba alimbeba binamu yake mgongoni. Amito alizitangaza habari hizo kila mlango.

Siku moja jua lilikuwa kali kupita kiasi. Walipofika kwenye shimo, Muhamadi alitua jerikani yake chini.

"Tuoge kidogo."

"Mama amekataza," alisema Okwir.

"Amekataza kwa sababu hamjui kuogelea. Sisi si tuna Nabintu? Mtu akizama, Mkongo anamtoa, kwisha!"

Wote walimtazama Nabintu. Neno moja lingetosha kulimaliza jambo lile. Alilitafuta neno hilo, akaliogopa.

"Miguu tu," alisema. "Ukingoni."

Wakakaa, wakatia miguu majini. Yalikuwa baridi, na kwa muda kila mtu alifurahi. Kisha Amito akasimama ili anawe uso. Mguu wake uliteleza kwenye mfinyanzi, na papo hapo hakuwepo. Shimo lile halikuwa na sehemu ya kina kifupi. Lilichimbwa wima kama ukuta. Kichwa kiliibuka mara moja, mkono ukafuata, na vyote viwili vikazama. Amito hakupiga kelele hata kidogo.

"Nabintu, ruka!" Okwir alilia. "Ruka, wewe! Unangoja nini?"

Mguu wa Nabintu ulikuwa tayari ukingoni. Aibu ilimsukuma mgongoni kama mkono wa mtu. Aliona kwamba akiruka, watazama wawili. Asiporuka na akanyamaza, Okwir atarudi nyumbani bila dada.

"Sijui kuogelea!" alipaza sauti. "Nilidanganya! Okwir, usiruke, na wewe hujui! Fungua mipira ya kufungia mizigo! Muhamadi, kimbia uite watu!"

Mpaka hapo wote walikuwa wakimngoja yeye. Sasa hakuna aliyengoja. Muhamadi alipanda njia akipiga mayowe, "Bannange! Jamani, mtoto anazama!" Okwir alifungua vipande virefu vya tyubu vilivyofungia mizigo kwenye kiti cha nyuma na kuviunganisha. Nabintu akatupa jerikani yake mwenyewe. Haikuwa na kifuniko. Ilizibwa kwa ndizi mbichi, kama wafanyavyo wengi. Ndizi ikachomoka, jerikani ikanywa maji, ikazama.

Alichukua ya Okwir, akakaza kifuniko chake, akafunga tyubu kwenye mpini. Akalala kifudifudi ukingoni. "Nishike miguu," alimwambia Okwir, naye akaikalia. Alitupa, ikaanguka karibu mno. Akaivuta, akatupa tena. Safari hii iligusa bega la Amito, aliyekuwa ameibuka tena, na mikono yake midogo ikaikumbatia.

"Usiiachie! Amito, usiiachie!"

Walivuta polepole, wakihofia tyubu isikatike. Muhamadi aliporudi na Akullo, mama yake Okwir, akiwa na majirani nyuma yake, Amito alikuwa juu ya majani akitapika maji. Akullo alimlaza ubavu, kisha akapanda naye bodaboda kwenda zahanati, kwa maana maji yaliyoingia kifuani si ya kuaminiwa hata kama mtoto anaongea.

Nabintu alikwenda kwa miguu. Alikaa kwenye benchi la nje, matope yakimkaukia mwilini, hadi jioni Akullo alipotoka.

"Mama Okwir," alisema, "ni mimi. Niliwaambia najua kuogelea. Ndiyo maana walikaa pale."

"Muuguzi anasema atapona," alisema Akullo. "Maneno mengine baadaye." Kisha akarudi ndani.

Kesho yake Kakule na baba yake Okwir walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenye shimo aliitwa, akakubali kulizungushia uzio na kulijaza kifusi kabla ya mvua za Machi. Jumamosi wanaume walichimbia nguzo, na watoto wakashika seng'enge. Amito alikuwepo, akimwagiza kila mtu. Kazi ilipokwisha, Akullo aliwaita watoto.

"Kwanza sikieni hili. Maji msiyoyajua hamyaingii, hata kwa miguu tu. Mtu akizama, msimrukie. Mtupieni kitu kinachoelea, mpige kelele. Na anayesimama ukingoni alale chini, asivutwe."

Kisha akamgeukia Nabintu. Nabintu aliinamisha kichwa.

"Inua uso, mwanangu. Ulisema 'sijui kuogelea', na kwa maneno hayo binti yangu akatoka majini. Ungeyasema siku ya kwanza, Muhamadi angekucheka hadi jioni, halafu angechoka."

"Nisingechoka haraka," Muhamadi alinong'ona. Okwir akampiga kiwiko.

"Mtu asiyejua, akisema hajui, wenzake hujilinda," Akullo aliendelea. "Asiyejua akijifanya anajua, huwatandikia wenzake kitanda kando ya shimo, nao hulala wakimtegemea. Mungu alikupa nafasi ya kusema kweli kabla hatujachelewa. Si kila mwongo hupewa nafasi hiyo. Haya, tumshukuru."

Akawaombea hapo hapo kando ya uzio, kwa maneno machache. Wote wakaitikia amina, na sauti ya Amito ndiyo iliyosikika juu kuliko zote.